Kiu Iliyokaa kwa Lusia

Kiu ilimrudia Emiliana Sulle kwenye mteremko wa kushukia Ziwa Balangida, na hakuitambua.

Alidhani amemeza mdudu. Kitu kilimkwaruza koo kama kipande cha gunia. Akatema, na hakikutoka kitu, kwa sababu mate yenyewe hayakuwepo. Ulimi ulinata kwenye kaakaa ukakaa pale, mzito kama wa kuazima. Kisha ikamvaa hamu ambayo nusura miguu yake iitii: hamu ya maji, maji yoyote yale, ya kujitupa kifudifudi kwenye dimbwi lililovurugwa na ng'ombe pembeni mwa barabara na kunywa pamoja na tope lake. Halafu ikakatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Likabaki jua, lami, na weupe wa magadi ya ziwa ukimchoma macho kutoka mbali.

Alikuwa anaongoza. Mbio za Hanang ni kilomita mia moja kuuzunguka mlima, na wakati huo zaidi ya nusu ilikuwa imeshapita chini ya raba zake.

"Kocha," alisema bila kupunguza mwendo. "Kuna kitu kooni."

Sauti ya Kocha Ombeni ilimjibu sikioni kutoka kambini, sauti ya furaha, ya mtu aliyekaa kivulini. "Vumbi hilo, binti. Uko peke yako mbele. Marselina wetu yuko wa pili, na hata mgongo wako hauoni."

"Vumbi litoke wapi kwenye lami? Lusia yukoje?"

Furaha ilipungua kidogo kwenye sauti ya Kocha.

"Lusia amesinzia. Kaza."

Emiliana alikaza, ila neno lile lilimkaa kifuani. Siku ya kuwekewa daraja, mhandisi aliwaketisha wakimbiaji wote wa kambi na kuwaonyesha vidude viwili vidogo kama punje za dengu. Kimoja huingia chini ya ngozi, nyuma ya sikio la mkimbiaji. Kingine huingia nyuma ya sikio la mtu wake, ambaye kambini walimwita mshika kiu. Damu ya mkimbiaji ikianza kukauka, ubongo wake hupiga kelele za kudai maji. Daraja huzikamata kelele hizo kabla mwenyewe hajazisikia na kuzirusha kwa mwenzake. "Maji yanabaki kwako," alisema mhandisi. "Kinachokwenda kwake ni habari tu. Kwake yeye ni kama kuota." Mtu mmoja akauliza, je, habari ikirudi? Mhandisi akatabasamu. "Ikirudi, ujue upande wa pili hakuna wa kuipokea. Amelala. Au vinginevyo." Watu wakacheka. Emiliana naye alicheka.

Mshika kiu wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Lusia, mwenye mtoto wa miezi minne.

Kwenye kona ikatokea meza ya maji, vikombe vimepangwa, akina mama wa kwaya wakipiga vigelegele. Emiliana alinyoosha mkono.

"Acha hiyo!" Kocha alifoka sikioni. "Nusu kilo tumboni ya kazi gani? Tulikubaliana. Meza zote zipite mpaka nikuambie."

Na kweli walikubaliana. Ndiyo iliyokuwa mbinu ya kambi nzima. Mkimbiaji mkavu ni mwepesi, na mkimbiaji asiyesikia kiu anaweza kukaushwa kuliko binadamu mwingine yeyote anayekimbia juu ya ardhi. Wenzao wa kambi nyingine walisimama, walikunywa, walikojoa vichakani, walitembea wakishika kiuno. Wa kambi ya Ombeni walipita tu kama upepo. Magazeti yaliandika kuwa ni damu ya nyanda za juu. Emiliana alikuwa ameyasoma na kuvimba kichwa.

Mkono ulikuwa bado umenyooshwa pale kiu iliporudi mara ya pili.

Safari hii haikukatika upesi. Ilimshika shingoni, ikamminya, ikashuka tumboni. Midomo ilimpasuka alipojaribu kuifumba. Aliona vikombe vile navyo vikamwona. Alijikuta amelamba chumvi iliyoganda begani mwake, mbele ya kwaya nzima, kama mbuzi, na katikati ya aibu ile wazo moja likamjia waziwazi.

Kama hii ndiyo habari, basi Lusia ameshikilia hii tangu alfajiri.

Si leo tu. Kila siku ya mazoezi, milima yote, misimu yote mitatu, tangu alipokuwa akimnyonyesha mtoto wa kwanza hadi sasa huyu wa pili. Amekaa kwenye chumba akinyonyesha, na hii shingoni.

Ilipomwachia, kilichobaki hakikuwa woga. Zilikuwa hasira, na zilikuja na nguvu ambazo kilomita sitini hazikuwa zimeziacha mwilini mwake. Mbele, njia ya mbio ilikata kulia kuelekea ziwani. Kushoto kulikuwa na kijia cha vumbi kinachopanda hadi ukuta wa nyuma wa kambi. Emiliana alikata kushoto.

"Dada, njia huku!" kijana mwenye bendera alipiga kelele.

"Mwacheni," mwingine akadakia, "betri imeisha huyo!" Watu wakaangua kicheko.

"Emiliana," sauti ya Kocha ilisema sikioni, na furaha yote imekwisha. "Emiliana, unafanya nini? Rudi barabarani."

Alikichomoa kispika kilichomletea sauti ya Kocha sikioni akakitupa kichakani.

*

Nyumba ya washika kiu haikuonyeshwa kwa wageni. Wageni walionyeshwa uwanja, chumba cha mizani na ukuta wa medali. Hii ilikuwa nyuma ya jiko, ndefu, yenye milango inayofanana, na madirisha yamewekwa juu ili mtu asione bomba la bustani. Emiliana alikuwa ameingia humo mara chache, siku za mapumziko, wakati damu yake imejaa maji na Lusia anacheka na kumtania kwamba ananuka raba.

Leo aliisikia. Nyuma ya mlango wa kwanza mtu alikuwa anaimba wimbo wa kubembeleza, sauti imekauka hata maneno hayatoki, inatoka pumzi tu. Kutoka chumba cha pili mtu alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja, taratibu, bila kupumzika, pa, pa, pa, kama anayebembeleza mgongo wa mtoto. Chumba cha tatu kilikuwa cha Lusia.

Shangazi Bibiana alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto begani. Mtoto, Fabiola, alikuwa analia ile sauti ya kitoto iliyokata tamaa, ya aliyelia mpaka akasahau anacholilia. Kitandani Lusia alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, akimtazama dada yake kama anayetazama kitu nyuma yake. Alikuwa ametapika. Mkono mmoja ulikuwa unakwangua ukuta. Rangi ya ukuta pale penye kichwa chake ilikuwa imelowa, imetoka kwa alama ndogondogo, na ilimchukua Emiliana muda kuelewa kwamba zile ni alama za ulimi.

"Lusia."

"Fungeni mlango," alisema Lusia polepole, kwa ulimi wa mlevi. "Ng'ombe wataingia."

Dokta Kisanga, daktari wa kambi, alikuwa anatundika chupa ya dripu. Alikuwa msichana mdogo kuliko Emiliana. "Amekauka," alisema bila kugeuka. "Kichwa kinauma, anatapika, anaweweseka. Kanuni inasema mshika kiu akizimia apewe maji ya mshipa. Hawaruhusiwi kunywa ila kikombe cha asubuhi na cha mchana, kwa hiyo wakati mwingine..."

Emiliana alisogea kumshika mdogo wake na mguu wake ukagonga kitu chini ya kitanda. Kikabingirika. Ilikuwa chupa ya chai, kubwa, ile ya maua. Nyuma yake kulikuwa na nyingine, na nyuma ya hiyo jagi la plastiki lililofunikwa kwa kanga. Vyote vitupu.

Watu wote watatu walivitazama.

"Shangazi?"

"Usinitolee macho," alisema Shangazi Bibiana, akimhamishia mtoto bega la pili. "Mzazi hanyimwi kinywaji. Tangu lini? Nani kwetu amewahi kukaa na mwanamke mwenye mtoto kifuani, anaomba maji, akamnyima? Nimekuja na uji mwepesi, ameumaliza. Nikamletea maji, akamaliza. Nikarudi tena bombani. Mtoto wa kaka yangu analamba ukuta, Emiliana! Nikae hapa na jagi mkononi namtazama?"

"Amekunywa vyote hivi leo?" aliuliza daktari kwa sauti ndogo.

"Na jagi lingine nimelirudisha jikoni."

Dokta Kisanga aliishusha ile chupa ya dripu kana kwamba imemuunguza. Aliushika mkono wa Lusia. Vidole vilikuwa vimejaa, vimebana kama soseji, na pete ya ndoa imezama hadi haionekani pembeni. Akamchoma kidole, akaliweka tone la damu kwenye kipimo, akasoma, akasoma tena.

"Mungu wangu. Ningemuua."

"Sema waziwazi, Dokta," alisema Emiliana.

"Hajakauka. Amefurika. Chumvi ya damu imeshuka vibaya sana, maji yanaingia kwenye ubongo, ubongo unavimba." Alikuwa anavuta droo, anamwaga vitu, anatafuta. "Aliyekauka na aliyefurika wanafanana, wote wanatapika, wote wanaweweseka. Kiu aliyonayo si yake, ndiyo maana haizimiki. Akinywa yeye, inajaa damu yake. Lakini inayodai maji ni damu yako. Anaweza kunywa ziwa zima bado akawa na kiu. Na ubongo wake umeshaamini kwamba mwili unakauka, umeziamuru figo zisiachie hata tone. Vyote alivyokunywa vimo humuhumu ndani." Alipata alichokuwa anatafuta, kichupa kidogo cha maji ya chumvi nzito, akakiunga kwenye mshipa wa Lusia. "Hii itavuta maji yatoke kwenye ubongo. Kidogokidogo. Na wewe kunywa."

"Mimi?"

"Mwenye kiu ni nani humu ndani? Kunywa! Hapa mbele yake."

Alimpa kikombe cha mchuzi wa chumvi kutoka jikoni na kingine cha maji. Emiliana hakuwa na kiu hata chembe wakati ule. Alikunywa kama mtu anayemwaga maji kwenye mtungi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Lusia. Funda la pili, vidole vilivyokuwa vinakwangua ukuta vikapunguza mwendo. La nne, vikalegea. Mkono ukashuka juu ya shuka, ukatulia. Lusia akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

Misimu mitatu. Emiliana hakuwahi kuyaona maji yake yanakofika.

Akafikiria meza alizozipita asubuhi ile, moja baada ya nyingine, kifua mbele, kwaya zikimshangilia.

*

Kocha Ombeni aliingia bila kubisha hodi, kishikwambi mkononi, maiki ndogo yenye spika ikining'inia shingoni. Alikuwa mwanaume nadhifu, mwenye sauti nzuri, na watu walimpenda. Emiliana mwenyewe alimpenda. Yeye ndiye aliyemwokota kwenye mbio za shule, akiwa na kandambili mkononi.

"Haya," alisema. "Nimeona. Shangazi amekosea, hajui, hatutamlaumu."

"Hamtamlaumu nani?" alisema Shangazi Bibiana.

"Tunayatengeneza. Marselina ameshika uongozi, lakini kwa mwendo wako unamfikia kabla ya mlima wa mwisho. Anjela yupo." Aligeuka akaita kwenye ukumbi. "Anjela!"

Akaingia mwanamke mwembamba mwenye kichanga mgongoni na kitambaa kibichi kimefungwa tayari kwenye paji la uso, kama wanavyofanya washika kiu kupoza kichwa. Alimwamkia Shangazi, akakaa kwenye kiti, akageuza shingo kuonyesha nyuma ya sikio ambapo kovu lilikuwa bado jekundu.

"Tunamtoa Lusia kwenye daraja, tunamwingiza Anjela," alisema Kocha. "Dokta, kuna hatari yoyote?"

Dokta Kisanga alisita. Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli haukuwa upande wa Emiliana. "Kwa Lusia, hapana. Ni lazima atoke. Kwa Anjela, kama hatakunywa hovyo... hapana. Ndiyo njia salama zaidi."

"Na njia nyingine?" aliuliza Emiliana.

"Kukurudishia mwenyewe. Hapo ndipo sijui." Daktari alimtazama. "Kiu yako imeishi nje misimu mitatu. Ubongo haujaisikia, haujajifunza kuituliza. Ikirudi yote kwa pamoja inaweza kutulia kesho. Inaweza isitulie. Unaweza kunywa na kunywa, ukaishia kama Lusia, au ukakaa maisha yako yote na koo la jangwani hata ukiwa umeshiba maji. Na mbio ndefu, kusema kweli, huenda zikakushinda kabisa."

Kule chumba cha pili, pa, pa, pa.

Basi ndiyo hivyo. Hakuna atakayekufa. Mwanamke ameketi, amekuja mwenyewe kwa miguu yake, amegeuza shingo. Emiliana alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Angerudi barabarani na koo laini kama la mtoto. Miguu yake ilikuwa inataka. Ilikuwa inamchezacheza pale aliposimama kama mbwa aliyeona mlango wazi. Kitu alichokijua duniani kilikuwa ni kimoja, kukimbia, na kilikuwa kinasubiri nje.

"Anjela," alisema. "Wamekwambia inakuwaje?"

"Kama kuota."

"Si kama kuota. Nimeipata leo, mara mbili, kidogo tu. Nimelamba bega langu mbele za watu."

"Sasa wewe unataka nini, dada?" Anjela alipandisha sauti, na hasira zake zilikuwa za kweli. "Nimekaa foleni tangu nijifungue. Wanachukua wenye maziwa tu, na maziwa hayanisubiri. Mdogo wako amekushikia umepata jina, sasa zamu imefika kwangu ndiyo umeokoka? Usimnyime mwenzako kazi. Niache nishike."

Anjela alikuwa na haki. Wahandisi walieleza wenyewe kwa nini wanapenda wanyonyeshaji. Mtoto akishika titi tu, ubongo wa mama huita maji, umezaliwa hivyo, ili maziwa yasikauke. Wao hawakuwa wamevumbua chochote pale. Walipita tu kwenye mlango uliofunguliwa na mtoto, wakatua mzigo wao ndani, wakauita ajira.

Aliwaza hivyo na ubaridi ukampanda mgongoni, ule unaokuja hasira zikipita kiwango cha kupiga kelele.

"Dokta," alisema, "hiki kidude ni lazima ashike mwanamke mwenye maziwa?"

"Kinashika kwa yeyote. Kwao kinashika vizuri zaidi. Kwa mwingine huenda ikafika nusu."

"Kipo cha akiba, cha kubandika tu, kile cha majaribio?"

"Kipo."

"Nipe." Akakichukua kwa ncha za vidole, akamgeukia mwanaume aliyesimama mlangoni. "Kocha. Shika wewe."

Kocha Ombeni alicheka. "Acha utani."

"Dakika chache, wakati nafunga kamba za raba. Nusu tu, Dokta amesema. Halafu ninarudi barabarani, namfikia Marselina, nakuletea ushindi. Nakuapia mbele ya Shangazi."

"Nina watu barabarani wa kuwaongoza. Nahitaji akili timamu."

"Ni kama kuota, Kocha. Si habari tu?"

"Mimi sinyonyeshi."

"Tukupe Fabiola ujaribu," alisema Shangazi Bibiana, "kifua si unacho?"

Emiliana alipiga hatua moja, mkono umenyooka, kidude kikiwa kwenye kiganja kama punje ya dengu kweli. Na Kocha Ombeni akarudi nyuma. Hakukusudia, mwili ulifanya wenyewe. Mgongo ukagonga fremu ya mlango, mkono ukapanda kufunika sikio.

Alijiona, akaushusha. Lakini Anjela alikuwa ameshaona.

Alimtazama kwa muda, kuanzia ule mkono hadi viatu vyake vizuri. Kisha akafungua kitambaa kibichi kichwani, akakikamua sakafuni, miguuni pa Kocha, akakitupa begani. "Nimekaa foleni," alisema, kana kwamba anazungumza na kichanga mgongoni. "Kumbe foleni yenyewe ya hii." Akanyanyuka, akasimama karibu na Shangazi.

"Nirudishie, Dokta," alisema Emiliana.

"Una uhakika?"

"Ni yangu."

*

Daktari alipolizima daraja na kiu ikaingia, Emiliana alishika reli ya kitanda kwa mikono miwili.

Ilikuja yote. Koo lilijifunga. Macho yalikauka hata kupepesa kukauma. Alisikia maji kwenye mabomba ukutani, alisikia maji yakitikisika kwenye kikombe mkononi mwa daktari, alisikia Fabiola, aliyekuwa sasa amewekwa kifuani pa mama yake, akimeza maziwa, na kwa nukta moja ya kutisha akamwonea wivu mtoto mchanga. Angempiga mtu kwa ajili ya kile kikombe.

"Funda moja," alisema Dokta Kisanga. "La mchuzi. Halafu subiri."

Alikunywa funda moja. Lilimwingia kama ufunguo kwenye kufuli lenye kutu, likaishia hapohapo. Daktari akakiondoa kikombe, na Emiliana alilia kwa hasira, bila machozi, kwa sababu machozi hayakuwepo.

Lusia alifumbua macho. Ulevi ulikuwa umeanza kumtoka. Alimwona mtoto kifuani, akamwekea mkono kichwani, akakunja uso kama anayetafuta kitu kilichopotea chumbani.

"Dada," alinong'ona. "Pamekuwa kimya."

"Lala."

"Wapi imekwenda?"

"Imekuja nyumbani. Lala, mama Fabiola."

Kocha alikuwa ameshaelekea ukumbini, akizungumza na maiki kwa sauti yake nzuri: vizuri, Marselina, pita, pita, meza hiyo si yako. Emiliana alimfuata. Kwa hatua chache bado hakuna mtu katika kambi ile ambaye angemshinda. Aliikamata maiki na kamba yake akaivuta juu ya kichwa cha mwenyewe. Kocha akainua mkono, akamkuta Shangazi Bibiana amesimama katikati yao na jagi tupu.

"Thubutu," alisema Shangazi.

Emiliana alibonyeza. "Marselina. Ni mimi, Emiliana."

Zikasikika pumzi, na raba zikipiga lami. "Umetoka," Marselina alisema, anahema. "Unataka na mimi nitoke?"

"Mshika kiu wako ni nani?"

"Emiliana, naongoza!"

"Jina lake nani?"

Raba zilipiga, zikapiga. "Agripina. Wifi yangu."

"Wifi yako yuko chumba cha pili." Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama mchanga, hata mwenyewe hakuijua. "Nimesimama mlangoni kwake. Anapiga ukuta kwa kiganja. Amepiga tangu nimefika na hajapumzika. Sikiliza." Akaisogeza maiki kwenye ubao wa mlango. Pa. Pa. Pa. Akairudisha mdomoni. "Anayo yako yote hapo, Marselina. Hakuna anachoweza kunywa humu ndani ikamwishia. Ni wewe tu. Meza inayofuata, simama unywe. Mchuzi wa chumvi, halafu maji. Nitakwambia kama ameacha."

"Kocha anasemaje?"

"Kocha ameogopa kuishika."

Kocha Ombeni alikuwa anasema kitu nyuma yao, kuhusu kanuni, kuhusu kesho, na hakuna aliyegeuka. Dokta Kisanga alikuwa ameacha mlango wa Lusia wazi na anakuja na kipimo chake kuelekea chumba cha kwanza. Emiliana aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Alikuwa na kiu kuliko alivyowahi kuwa na kitu chochote. Nyuma ya ubao kiganja kilipiga, kikapiga. Kwenye spika ya maiki raba zilikimbia, zikakimbia. Alizisikia sauti za kwaya zikikaribia, vigelegele, zikafika, na akafumba macho akingoja zipite.

Hazikupita. Raba zilipunguza. Zilitembea. Kikombe cha plastiki kiligonga meza.

Pa, kiganja kilisema. Pa.

Kisha hakikusema tena. Nyuma ya mlango mtu akashusha pumzi ndefu, ya kutuliwa kuni.

Emiliana alijaribu kumeza, hakikuwepo cha kumeza. Akabonyeza.

"Ameacha," alisema. "Ongeza kingine. Wengine mnaonisikia, nani yuko karibu na meza?"